Dirisha la Magotini

Fundi Pimamaji alikuwa akitazama ngazi za watu siku sita za wiki, kwa hiyo siku ya saba alipoambiwa akatazame ngazi nyingine, tena za bure, alidhani dada yake anamtania.

"Ngazi gani hizo?" aliuliza.

"Mimi nitajuaje?" dada mtu akajibu. "Mwulize mpwa wako. Tangu juzi amenuna, chakula hataki, anafunga milango kwa kishindo mpaka vikombe vinaruka kabatini. Mpeleke mkazitazame hizo ngazi zenu, nyumba ipate kupumua."

Jina la Pimamaji la kuzaliwa lilikuwa jingine, lakini hata mkewe alikuwa amekwisha kulisahau. Alikuwa fundi wa vigae na sakafu, mtu wa miaka hamsini na mitatu, magoti mabovu, jicho zima. Hakutoka nyumbani bila pimamaji ndogo ya shaba mfukoni. Akialikwa mahali, kabla ya kuketi aliiweka mezani. Povu likikaa katikati, alikunywa chai yake kwa amani. Likikimbilia pembeni, mwenyeji alijua kabisa kwamba leo ataambiwa ukweli kuhusu meza yake, sakafu yake na labda ukoo mzima wa fundi aliyemjengea.

Mpwa wake alikuwa binti wa miaka ishirini na mmoja, mwaka wa tatu chuoni, akisomea usanifu wa majengo. Njiani alimwaga yote yaliyomjaa kifuani. Mwalimu wao alikuwa amewapa kazi: kila mwanafunzi aende kwenye jengo moja la yule msanifu mashuhuri, yule ambaye picha yake imewekwa kwenye stempu, alipime na kulichora. Ili kuyagawa majengo, mwalimu aliweka vikaratasi ndani ya boksi la viatu, kila mtu akachovya mkono.

"Wenzangu wamepata maktaba kuu, mjomba. Ile yenye paa kama karatasi iliyokunjwa. Mmoja amepata ukumbi wa uwanja wa ndege. Mimi nimepata ngazi. Ngazi za duka la magodoro!"

"Kwani ngazi zina ubaya gani?"

"Hata vitabuni hazimo. Kuna mstari mmoja tu, nyuma kabisa, kwenye orodha ya kazi zake. 'Jengo la biashara, ngazi'. Basi. Hata nukta wameisahau."

Pimamaji alicheka, binti akazidi kukunja uso. Wakaenda hivyo, mmoja akicheka mwingine akivimba, mpaka wakafika.

Jengo lenyewe lilikuwa la ghorofa nne, limebanwa kati ya duka la vipuri na duka la miwani kama mtu aliyekaa katikati kwenye kiti cha wawili. Chini magodoro yalikuwa yamepangwa mpaka darini, bado yamo kwenye nailoni zake. Mbao za matangazo zilikuwa zimefunika uso wote wa jengo: daktari wa meno, bima, mihuri na kadi za mwaliko, fundi cherehani ghorofa ya tatu. Mtu angeweza kupita hapo kila siku kwa miaka kumi asione sababu ya kuinua macho.

"Haya," binti akasema, akitoa daftari kama mtu anayetoa mkono akapigwe sindano. "Tupime twende zetu."

Hawajapanda hata kidato kimoja, wakasikia funguo. Msimamizi wa jengo alikuwa mtu mwembamba aliyefunga shada zima la funguo kiunoni, na aliposimama ziliendelea kulia kidogo, kana kwamba zenyewe zina neno la kuongeza.

"Nyinyi ni wa manispaa?"

"Hapana."

"Zimamoto?"

"Hapana, mzee."

"Basi mnapima nini?"

Binti akampa barua ya chuo. Msimamizi aliisoma, akaigeuza nyuma, akausoma na mhuri. Alipofika kwenye jina la msanifu, uso ukamfunguka.

"Yule wa maktaba? Yule wa kwenye stempu? Alijenga hapa?"

"Ndivyo orodha inavyosema," binti akajibu.

"Basi njooni niwaonyeshe. Najua atakuwa alifanya nini." Akawaongoza hadi kwenye nguzo moja nene iliyosimama mlangoni mwa duka la magodoro, imechongwa maua, imepakwa rangi ya dhahabu toka juu hadi chini. "Hii hapa. Watu huja wakapiga picha za arusi. Hii lazima ni mkono wake."

Pimamaji akaigonga kwa kifundo cha kidole. Ikalia kama debe.

"Hii ni jasi, ndugu yangu. Ndani mna hewa. Haina hata miaka mitano."

Msimamizi akakohoa. "Minne," akakiri. "Mwenye jengo alileta fundi wake."

Binti alitaka kucheka, akajizuia, na kununa kwake kukapata ufa wa kwanza.

Wakaingia kwenye ngazi. Zilikuwa nyuma ya lifti, na lifti ilikuwa imebandikwa kikaratasi: MBOVU, TUMIENI NGAZI. Pimamaji alikuwa na nia ya kuketi kidato cha chini amngoje mpwa wake amalize mambo yake. Lakini alipoinama akaona sakafu, akasahau kuketi. Ilikuwa terazo, vipande vya mawe meusi na meupe vilivyomwagwa kwenye saruji kisha kusuguliwa, na hapa na pale kipande kimoja cha kijani, kama fundi alikuwa anacho kiganja kimoja tu akakitawanya kwa uchoyo. Uchafu wa miaka ulikuwa umeitia ukungu, lakini haikuwa na ufa. Akatoa pimamaji yake, akailaza kwenye kidato cha kwanza. Povu katikati. Cha pili, katikati. Akapanda hadi cha kumi na moja, akiweka na kuinua, na povu halikuwahi kutikisika mahali pake.

"Mama," alimwita mpwa wake kwa sauti ya chini, "hebu pima kimo cha kila kidato."

Binti akapima. "Sentimita kumi na sita. Kumi na sita. Hiki nacho kumi na sita." Akanyanyua macho. "Ngazi za kawaida ni kumi na saba, kumi na nane."

"Ndiyo maana goti langu halijaniambia kitu mpaka sasa."

Kisha wakafika pale ngazi zinapokata kona, penye uwanja mdogo wa kugeuzia mguu, na hapo wote wawili wakasimama.

Dirisha lilikuwa magotini. Halikuwa usoni wala kifuani, mahali ambapo mtu mwenye akili timamu huweka dirisha. Lilianza kama shubiri moja na nusu kutoka sakafuni, likaishia chini ya kiuno, pana kama mikono miwili iliyonyoshwa. Juu yake ukuta ulikuwa mtupu hadi darini. Ukisimama wima huoni kitu ila rangi ya ukuta. Na upande wa pili wa kona, ukilipa dirisha mgongo, ukuta ulitoa rafu ya saruji iliyopakwa rangi ya mafuta, nyeupe kama maziwa, nene, tabaka juu ya tabaka. Juu ya rafu hiyo pameachwa chungu cha maua ya plastiki na kopo la gundi lililokauka.

"Huu ni mtindo?" Pimamaji akauliza.

"Sijui," binti akasema. "Hakuna mahali pengine alipofanya hivi. Nimeona michoro yake yote."

"Hilo ni kosa," msimamizi akadakia, maana alikuwa amewafuata. "Waashi walisoma mchoro kichwa chini. Dirisha likaenda chini, rafu ikaenda juu. Kila mtu hapa anajua."

Maneno hayo yalimchoma Pimamaji mahali pabaya. Angeweza kuvumilia kuambiwa kwamba msanifu amekosea, wasanifu alikwisha kufanya nao kazi. Lakini waashi!

"Waashi walioweka vidato hivi pasipo kukosea hata unywele," alisema polepole, "wasome mchoro kichwa chini? Kona ngapi ziko hivi?"

"Zote tatu."

"Basi walisoma kichwa chini mara tatu. Walikuwa popo?"

Msimamizi akacheka, akamshika bega. "Usikasirike, fundi. Hata hivyo tunayaziba. Vumbi linaingia, paka wanaingia. Mwezi ujao yanazibwa kwa tofali, na ngazi zote tunaweka vigae vile vya kung'aa." Akaitazama pimamaji mkononi mwa mwenziwe, akapiga makofi. "Subiri. Wewe fundi wa nini?"

"Wa vigae."

"Mungu ndiye aliyekuleta! Mimi natafuta fundi wiki ya pili sasa. Ngazi zote, toka chini mpaka juu. Ni kazi ya wiki tatu hiyo."

Pimamaji alizihesabu wiki hizo kimoyomoyo. Mwezi ule wote alikuwa amepata bafu moja na nusu jiko, na magoti yake yalikuwa yameanza kuzoea kupumzika, jambo lililomtisha kuliko maumivu. Alihisi mpwa wake anamtazama, akajitia kufuta pimamaji kwenye shati.

"Tutazungumza," akasema. "Kwanza tumalize kupima."

Lakini sasa hakuwa anamsubiri binti tena, binti ndiye aliyekuwa akimfuata yeye. Kila mlango waliopita aliuliza. Muuguzi wa daktari wa meno alisema madirisha yaliwekwa chini ili watoto wachungulie nje wasahau jino. Karani wa bima alisema ni ya kutoa moshi, kisha akafikiri, akasema moshi huenda juu, basi labda ni ya kutoa kitu kingine. Mchonga mihuri hakuinua hata kichwa: "Ni ya paka." Binti alikuwa akiandika yote hayo daftarini, na mjomba wake aliona kwamba uso wake umeacha kukunjamana. Alikuwa na sura ile ile aliyokuwa nayo alipokuwa na miaka sita na kufungua redio ya baba yake ili aone watu wanaosema ndani.

Walipokaribia ghorofa ya tatu, sauti iliwashukia kutoka juu ya reli.

"Nani anayepimapima ngazi zangu?"

Alikuwa fundi cherehani, mama mtu mzima, tepu shingoni, pini tano zimechomekwa kwenye ukosi. Binti akamsalimu kwa adabu, akaeleza, akaomba aingie chumbani kwake, kwa kuwa kutoka dirishani mwake ndipo ukuta wa nje wa ngazi ulipoonekana wote.

"Nitawafungulia, mwanangu, mbona," mama akasema. "Ila nanyi mnifae. Chini kwa watu wa magodoro pana marobota yangu mawili ya vitambaa, tangu asubuhi yamekaa. Lifti imekufa, na mchukuzi wangu leo ana mgonjwa hospitali. Huyu mjomba wako ana mgongo?"

"Mgongo anao," binti akajibu. "Magoti ndiyo hana."

Wanawake wale wawili wakacheka kama watu waliojuana miaka, na Pimamaji, ambaye angeweza kukataa kwa heshima, akajiona hana tena njia ya kukataa. Akashuka.

Robota lilikuwa kama kilo thelathini na tano, limefungwa kwa kamba. Mtu wa magodoro alimsaidia kulipandisha mgongoni, akaishika kamba kwa mikono miwili juu ya bega, akainama, akaanza kupanda. Ujanani alibeba saruji namna ile ile, na mwili ulikumbuka mara moja: macho chini, kidevu kifuani, pumzi fupi. Mtu aliyebeba mzigo mgongoni haoni kuta wala dari. Anaona mahali pa kuweka mguu, na hapo ndipo dunia yake inapoishia.

Kwenye kidato cha nane aliona kitu. Vidato vilikuwa na mwanga. Alipopanda mikono mitupu hakuuona, kwa kuwa juu, usawa wa kichwa, ngazi zilikuwa na giza la kawaida la ngazi za ndani. Lakini mwanga wote wa dirisha lile la magotini ulikuwa unamwagika chini, juu ya terazo, ukichora ukingo wa kila kidato kama kwa chaki. Akafika kwenye kona. Goti la kushoto lilikuwa limeanza kelele zake. Akageuka aegemee ukutani apate kuhema, akarudi nyuma hatua moja, na robota likakaa.

Likakaa tu. Ukingo wa rafu ulilipokea kwa chini, uzito wote ukaondoka mgongoni mwake kama mtu amemwambia lete nikushikie. Hakulazimika kuchuchumaa wala kulitua. Kamba bado ilikuwa mikononi mwake, naye alikuwa bado amejikunja kidogo, na mbele yake, sawasawa na pale macho ya mtu aliyeinama yanapoangukia, palikuwa na dirisha. Upepo ulimpiga kifuani, jasho likaanza kupoa. Aliona barabara nzima: miguu, magurudumu, kichwa cha mtu aliyekuwa akipanga viatu kwenye turubai, mwanamke anamvuta mtoto asiyetaka kuvutwa.

Alikawia hapo hata mpwa wake, aliyekuwa akimngoja juu, akashuka mbio.

"Mjomba! Umeumia?"

"Nyamaza kwanza."

"Unaona nini?"

"Barabara."

"Si hata mimi naiona?"

"Huioni wewe. Umesimama wima kama bibi harusi. Unaona ukuta. Hebu inama."

Binti akainama, mikono magotini. Akakaa hivyo. Kisha akageuza shingo akaitazama rafu, akautazama mgongo wa mjomba wake na robota lililotulia juu yake, akarudisha macho dirishani.

"Hukuchorewa wewe dirisha hili, amechorewa mbeba mzigo," Pimamaji akasema. "Wala mimi, siku nyingine. Leo tu."

Alijisukuma mbele, robota likamrudia mgongoni bila ugomvi, akaendelea kupanda. Kona ya pili akapumzika tena, ingawa hakuwa amechoka sana. Alitaka kuona kama nayo inajua. Ilijua. Akapumzika ya tatu pia, na hapo alikuwa amechoka kweli.

Msimamizi alipoelezwa hakuamini hata kidogo. Alisema mtu akitafuta sababu ya kitu kibaya hakosi kuipata. Binti akamwambia, kwa adabu zote, kwamba chini limebaki robota moja. Msimamizi akaitazama barua ya chuo aliyokuwa bado ameishika, kama ndiyo inayomwamuru, akaenda. Walimsikia akija kwa funguo zake, polepole, polepole zaidi, kisha kimya. Wakachungulia kutoka juu. Alikuwa amesimama kwenye kona ya kwanza, robota limekaa rafuni, chungu cha maua ya plastiki amekibana kwapani, anatazama nje.

"Mzee, unakuja?" fundi cherehani akaita.

"Niacheni kidogo," msimamizi akajibu. "Kuna gari linajaribu kuegeshwa hapa, nataka nione kama litaingia."

Alipofika juu, kola imelowa, fundi cherehani aliwapa maji, wote wakakaa juu ya marobota. Yeye alikuwa hapo miaka thelathini, akasema, na alipokuja lifti ilikwishawekwa. Lakini mzee aliyemrithisha meza ya kukatia alimwambia kwamba zamani jengo lote lilikuwa ghala la vitambaa vya jumla, kila ghorofa marobota mpaka darini, yakipandishwa na kushushwa kutwa nzima. "Kwa mgongo, si kwa kingine. Mimi sikuunganisha hata siku moja. Kila asubuhi naweka mkoba wangu kwenye rafu ile nitafute ufunguo, najiambia, afadhali yule aliyekosea alikosea hapa."

Binti alikuwa ameshatoka na futi. Walimsikia akishuka na kupanda, akashuka tena. Aliporudi alikuwa anahema kama yeye ndiye aliyebeba.

"Mjomba, rafu hazilingani. Ya kwanza ni sentimita mia na kumi na nane kutoka sakafuni. Ya pili mia na kumi na tano. Ya tatu mia na kumi na mbili."

"Umepima vizuri?"

"Mara tatu. Na madirisha yote yako sawasawa. Ni rafu tu zinazoshuka." Akaikunja futi. "Mtu akichoka, mgongo si unashuka?"

Pimamaji alitamani kusema ndiyo. Lakini alikuwa amekaa na waashi miaka thelathini, akaapa zamani kwamba hatasema asichokijua.

"Inaweza kuwa hivyo," akasema. "Inaweza pia kuwa fundi mmoja alikuwa na futi iliyokatika ncha. Sentimita tatu ni kitu kidogo."

"Umesema mwenyewe hawakukosea hata unywele!"

"Nimesema." Akajikuna kidevu. "Ndiyo maana nimesema inaweza."

Ilibaki habari ya vigae. Pimamaji alimvuta msimamizi pembeni, akamwambia wazi. Ukiweka vigae juu ya ngazi hizi, kidato cha kwanza kitarefuka na cha mwisho kitafupika, watu watajikwaa, na utakuwa umefunika sakafu bora kuliko hiyo utakayoinunua. Terazo hii haitaki kufunikwa, inataka kusuguliwa kwa mashine na maji, kisha ipakwe nta. Na ukiziba madirisha, hizo ngazi zitakuwa shimo la giza, siku ambayo lifti imekufa mtanikumbuka.

"Mwenye jengo anataka ing'ae," msimamizi akasema kwa unyonge.

"Itang'aa mpaka ajione meno."

Msimamizi akapiga simu hapo hapo. Walisikia upande wake tu. Ndiyo, bosi. Fundi, bosi. Anasema madirisha yana kazi. Kazi gani? Hapo alijaribu kueleza, akaanza na mgongo, akaruka kwenye upepo, akaingia kwenye gari lililokuwa linaegeshwa, akapotea kabisa. "Bosi," akasema mwishowe, "wewe njoo tu ubebe robota." Kule ng'ambo simu ikakatwa.

Mwenye jengo hakuja kubeba robota. Lakini aliposikia jina la msanifu alimwuliza mwanawe, mwanawe akamwuliza mtu mwingine, na baada ya siku nne jibu likaja: terazo isuguliwe, madirisha yaachwe ila yawekwe wavu wa kuzuia paka. Nguzo ya dhahabu isiguswe. Pimamaji akapata kazi ya wiki mbili badala ya tatu, na mkewe alipomwuliza ile wiki moja imekwenda wapi, alisema imebaki ukutani, na alipoona mke hajacheka akaenda kuosha ndoo.

Binti naye alichora. Alichora ngazi zikiwa zimepasuliwa ubavuni kama embe, na juu yake akaweka watu, kama wanavyofundishwa, ili kuonyesha ukubwa. Michoro ya wenzake ilikuwa na watu waliosimama wima, mikono mifukoni, wakitazama mapaa. Wa kwake walikuwa wameinama, wote watatu. Mwalimu aliukaribia ubao akavua miwani.

"Hawa mbona wameinama? Wanaumwa?"

"Hapana, mwalimu. Wako kazini."

Akaeleza. Aliulizwa maswali mengi, akayajibu karibu yote, isipokuwa lile la sentimita tatu. Hapo alisema: "Sijui. Mjomba wangu anasema inaweza." Darasa likacheka, lakini mwalimu hakucheka, aliandika kitu kwenye daftari lake.

Siku ya tano ya kazi, Pimamaji alikuwa amemaliza kusugua ngazi hadi ghorofa ya kwanza na akawa na nafasi ya kushughulikia rafu, ambazo hakuna aliyemwagiza kuzigusa. Ile rangi ya maziwa ilimkera. Akachukua kikwangulio, akaanza kwenye rafu ya kona ya pili. Rangi ilitoka vipande vipande, maziwa, chini yake kijani, kisha buluu, halafu maziwa tena. Kisha kikwangulio kikabadilisha sauti. Chini ya rangi, ukingoni kote, haikuwa saruji. Ilikuwa mbao ngumu, nyeusi, iliyopachikwa ndani ya saruji kwa ustadi hata kisu kisingepita. Na katikati ya mbao hiyo palikuwa na bonde.

Alipitisha kidole. Halikuwa limechongwa, maana lilikuwa laini, limeinama kwa upole, refu kupita upana wa mabega yake. Alisimama, akafuta mikono, akampigia mpwa wake simu.

"Uko darasani?"

"Ndiyo, mjomba, nanong'ona. Kuna nini?"

"Toka."

Alikuja bado ana kalamu sikioni. Pimamaji hakumweleza, alimshika tu mkono akauweka juu ya ile mbao. Binti aliupitisha huku, akaupitisha kule. Msimamizi akaja, naye akaweka wake. Fundi cherehani akashuka na pini zake, akaweka wake, akaukaza pale katikati panapozama zaidi.

"Marobota," akasema.

"Mangapi?" binti akauliza. "Mpaka mbao iliwe hivi, ni mangapi?"

Msimamizi alianza kukadiria, mara kwa siku, mara miaka, kisha akakata tamaa, akasema ni mengi.

"Na akina nani?"

"Hawakuandikwa, mwanangu," fundi cherehani akasema. "Nani amwandike mchukuzi?"

Binti alibaki ameshika mbao. Kisha akamgeukia mjomba wake ghafla. "Ya tatu umeikwangua?"

"Bado."

"Kama ilikuwa ya watu waliochoka zaidi, walikuwa wakikaa muda mrefu zaidi. Bonde lake litakuwa limezama..." Hakumaliza. Alikuwa ameshakunja mikono ya blauzi na kukitwaa kikwangulio, akapanda vidato viwili viwili.

"Taratibu hapo ukingoni!" Pimamaji akamwita. "Usikwangue kwa ncha, laza! Utaijeruhi mbao!"

"Nimelaza!" sauti ikajibu kutoka juu, na vipande vya rangi vikaanza kudondoka kupitia uwazi wa ngazi, kimoja kikatua begani mwa msimamizi. Pimamaji alisikiliza kidogo. Mkono ulikuwa mzuri, hauna haraka. Chini, tope la kusugulia lilikuwa limeanza kukauka juu ya terazo, na likikauka halitoki. Akalimwagia maji, akapiga magoti, akawasha mashine.

Hakuwa amefika hata kidato cha pili aliposikia, juu ya kelele yote ile, mtu anaita mjomba.